Kicheko cha Sekunde ya Kwanza

Mume wangu alinyoosha kidole akanionyesha mimi.

"Ni huyu. Huyu ndiye aliyekata jina la mwanao, Don. Muulize."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la supu ya sancocho mikononi. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, nyumbani kwetu Rebolo, hapa Barranquilla. Mezani kulikuwa na limau, pilipili, vijiko vinne, na bastola.

Jamani, nisomeni taratibu. Naandika kwa vidole vinane, nikikosea herufi mnivumilie...

Bastola ilikuwa ya Don Ubaldo Charris, mzee wa kule Soledad. Biashara zake sisi hatuziulizi. Akipita mtaani wenye maduka wanasimama, akiketi ndipo na wao wanaketi. Pembeni yake alisimama jamaa mmoja mnene, mpole, wanayemwita Seremala. Jina hilo hakulipata kwa kutengeneza viti.

"Mkeo?" Don Ubaldo akauliza polepole.

"Mke wangu, ndiyo. Mimi kazi yangu ni kuimba tu, Don. Kompyuta ni yake. Nilimsihi asikate. Akanijibu eti marehemu hasikilizi redio."

Nyie... nilihisi bakuli linanitoka.

Maana hayo maneno yalisemwa kweli, ndani ya nyumba hiihii. Ila aliyeyasema ni yeye.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mjue ni jina gani na lilikatwa wapi.

Wimbo wenyewe ni "Nirudishie Mwavuli". Najua mnaujua, msijifanye. Ule wa mwanamke aliyeondoka na mwavuli wa mtu siku ya jua kali. Mume wangu Osnaider ndiye anayeuimba. Mimi, Ledis, ndiye niliyeurekodi na kuuchanganya kwenye chumba chetu cha nyuma, kati ya jiko na kamba ya nguo. Hapakuwa na prodyuza wa Miami wala nani. Ni mimi na kompyuta yenye feni mbovu.

Sasa, nyimbo zetu huku pwani zina salamu. Kabla kodiani haijaingia, mwimbaji anataja jina la mtu na mtaa wake. Basi, ni hivyo tu. Lakini jina likishaingia halitolewi. Akisalimiwa mmoja umesalimiwa ukoo mzima, na wajukuu watakuja kusikia. Watu huku wamechomana visu kwa sababu ya salamu iliyokosewa.

Don Ubaldo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Yeiner. Miaka ishirini na mbili, mtoro wa shule, bingwa wa kucheka. Mwisho wa Januari alipigwa risasi saba pembeni ya uwanja wa mpira, amekaa juu ya pikipiki yake anakula embe bichi kwa chumvi.

Siku ya tisa ya msiba, Osnaider alisimama mbele ya watu mia mbili, akaweka mkono kifuani.

"Don, mwanao hatasahaulika. Jina lake nitalipeleka mbali kwenye wimbo wangu mpya."

Yule mzee alimkumbatia kama mwanawe. Na kweli salamu tukairekodi. "Yeiner Charris, mtoto wa Soledad, bado upo nasi." Wimbo ukapigwa mtaani kwenye zile spika kubwa zilizochorwa rangi, watu wazima wakalia.

Kisha kampuni moja ya Miami ikaupenda.

Wakasema watausukuma, ila redio haitaki wimbo unaozidi dakika tatu. Na hiyo salamu ya wahuni wa mtaani itoke.

Nilimwambia Osnaider hatuwezi kufanya hivyo, tuliahidi msibani.

"Kata bwana, Ledis," akasema huku anachana nywele kwenye kioo. "Marehemu hasikilizi redio."

Nikakata. Sekunde kumi na moja. Siwezi kusema nililazimishwa, maana na mimi nilitaka kupanda. Nilikuwa nimechoka kurekodi matangazo ya samaki.

Haukupita muda wimbo ukawa namba moja Kolombia nzima. Ecuador namba moja. Mexico namba mbili. Hispania watoto wanaucheza shuleni na miavuli mikononi.

Kwa Don Ubaldo tangu msiba hakukuwashwa redio wala televisheni. Lakini Jumamosi ile aliamua. Alialika watu waje wasikie jina la mwanawe likitoka redioni, mbele ya nchi nzima. Alichinja ng'ombe. Wimbo ulipoanza akavua kofia, akaiweka kifuani, akangoja.

Kodiani ikaingia. Jina halikuja.

Watu mia mbili wakatazama viatu vyao.

Ndiyo maana Jumapili bastola ilikuwa mezani kwangu.

Redio ya jikoni ilikuwa imewashwa, kipindi cha nyimbo ishirini za wiki. Mtangazaji alikuwa amefika namba saba.

"Mama," Don Ubaldo akaniita kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Weka bakuli chini. Njoo ukae."

Nikakaa.

"Mumeo anasema kweli?"

Nikamtazama Osnaider. Miaka kumi na moja ya ndoa. Alikuwa anasoma maua ya kitambaa cha meza.

"Nilikata mimi," nikasema. "Lakini..."

"Sijauliza lakini. Ulikata kwa mkono upi?"

Hapo akili yangu ilikimbia mbele ya woga wangu. Kazi yangu yote, kushika kipanya, kukata, kupima sauti, iko mkono wa kulia.

"Kushoto," nikasema.

Seremala alinishika kiganja kwa adabu kama nesi. Akakitandaza juu ya meza, akasogeza limau pembeni.

"Samahani, dada," akaniambia.

Nyundo ilishuka mara mbili. Kidole cha pete na kidole cha mwisho. Mara ya kwanza sikulia kwa sababu sikuamini. Mara ya pili ilinitoka sauti ambayo hata mimi siijui, mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Pete ya ndoa ilikunjamana ikaingia ndani ya nyama. Hospitalini walikuja kuikata kwa koleo.

Na Osnaider? Hakusema mwacheni. Hakusema hata jina langu. Alisogeza kiti chake nyuma kidogo ili damu isimrukie shati.

Wapendwa, kile kiti kilichosogea kiliniuma kuliko nyundo. Nasema kweli.

"Hiyo ni ya aibu ya jana," Don Ubaldo akasema. Akaichukua bastola. "Sasa bado ya mwanangu."

Akaniwekea mdomo wa bastola hapa, juu ya sikio. Nilinusa mafuta yake.

"Mwanangu nimemzika mara mbili, mama. Mara ya pili umemzika wewe."

"Namba nne," akasema mtangazaji jikoni, kwa furaha zake.

"Yumo," nikasema.

"Nani?"

"Yeiner. Yumo ndani ya wimbo. Hata huo wa redioni."

"Usinichezee. Jana nimengoja mpaka mwisho. Hayumo."

"Ulisikiliza mwanzo?"

Nilihisi bastola inasogea kidogo.

"Mwanzo siujui," akasema. "Ule wa zamani mlionitumia kwenye simu, huwa naruka moja kwa moja hadi kwenye jina lake. Jana nilikuwa nangoja jina tu. Kwa nini?"

Osnaider akainua macho. Alishajua naelekea wapi. Akaanza kunitikisia kichwa taratibu, hapana... hapana...

"Twende chumba cha nyuma," nikamwambia mzee. "Nipe dakika tano. Nisipokuonyesha mwanao, fanya ulichokuja kufanya."

Tukaingia wote wanne, mimi mbele na kitambaa cha kufutia vyombo nimekizungushia mkononi. Ukutani trei za mayai za kuzuia mwangwi, chini waya. Seremala akamsukuma Osnaider kwenye kona akasimama naye hapo.

Mnaijua sekunde ya kwanza ya "Nirudishie Mwavuli". Kabla ya ngoma, kabla ya gitaa, kuna kicheko. Haa-haiii... Chembamba, kinapanda juu halafu kinakatika. Wachezaji wakifunga goli wanakicheka. Watoto wakitoka shule wanakicheka. Wale wa Miami walituambia wazi kwamba kilichoufikisha wimbo namba moja si sauti ya Osnaider wala kodiani, ni hicho kicheko.

Nikaketi. Nikafungua faili la asili, lile la siku ya kurekodi, mwanzoni mwa Januari. Kicheko nilikuwa nimekiharakisha na kukipandisha mpaka kikawa cha katuni. Nikayaondoa mabadiliko hayo moja baada ya jingine kwa mkono wa kulia, kushoto kunadondoka damu kwenye paja.

Nikabonyeza.

Kicheko kikatoka kizima. Cha kiume, kizito, kikaishia kwa mkoromo mdogo wa puani.

Don Ubaldo akashika ukuta.

Sikuzima. Niliacha iendelee hadi sehemu ambayo dunia haijawahi kuisikia. Mpiga kodiani anatukana, amejikwaa kwenye waya, na kijana anasema huku anahema kwa kucheka.

"Mwambieni mzee wangu niko studio. Huyo hawezi kuamini."



"Rudia," mzee akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Mara ya nne alikaa chini sakafuni, kati ya waya, bastola ameilaza kwenye paja kama amesahau ni kitu gani. Hata Seremala alijifuta macho kwa mkono wenye nyundo.

"Alikuja kutuletea barafu," nikamweleza. "Siku ile joto lilizidi, kompyuta ikawa inazima. Akabaki kutuangalia. Akacheka, na maiki ilikuwa wazi."

"Kwa hiyo kila redio inayopiga huu wimbo..."

"Inaanza na yeye, Don."

Alilia bila kujificha. Akanibusu kiganja, kile kizima. Akasema atanipeleka kwa daktari mwenyewe. Akaichomeka bastola kiunoni, akainuka, akamwambia Seremala twende.

Hapo yalikuwa yamekwisha. Naomba mlikumbuke hilo. Sote tulikuwa hai, na Osnaider alikuwa na meno yake yote.

Mlangoni mzee akageuka. Aliuliza tu, kwa fahari, kama baba yeyote.

"Na watu wanajua? Wanajua kicheko ni cha nani?"

Nimewaambia kwake televisheni haikuwashwa. Aliifunika shuka jeusi, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo hakumwona Osnaider amekaa kwenye kochi jekundu kule Bogotá, akiulizwa kile kicheko kakitoa wapi.

"Hiki?" Osnaider alijibu siku ile. "Nimezaliwa nacho. Mama yangu alidhani nina mashetani."

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, na mimi nikapiga makofi.

Sasa alikuwa konani ananitazama. Midomo inacheza bila sauti. Ledis, nakuomba.

Ningesema hawajui. Neno moja tu. Mzee angeondoka, sisi tungeenda hospitali, na supu tungeikuta.

Nikatazama mkono wangu. Kitambaa kilikuwa kimelowa chote. Nikakiona tena kile kiti kikisogea nyuma, miguu yake ikikwaruza sakafu.

"Wanajua ni cha Osnaider," nikasema. "Amewaambia mwenyewe kwenye televisheni. Kazaliwa nacho."

Jikoni mtangazaji akavuta pumzi. "Na wiki ya tatu mfululizo, namba moja..."

Haa-haiii...

Kikaingia nyumba nzima. Don Ubaldo alikisikiliza hadi kikakatika, kisha akamgeukia mume wangu.

"Nichekee."

"Don, mimi... ni kampuni ndiyo iliyo..."

"Si umezaliwa nacho? Hicho hapo kinapita. Nichekee hivyohivyo."

Osnaider akajaribu. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi cha mtu aliyepaliwa.

Don Ubaldo alinitazama mimi kwanza. Nikanyamaza. Ndipo akampa Seremala ishara, na nyundo ikamkuta Osnaider taya la kushoto.

Jamani, mlio wa taya nausikia hadi leo.

"Tena," mzee akasema.

Osnaider alikuwa amepiga magoti juu ya waya zangu, anatoa mate mekundu, anajaribu kucheka. Haa... haa... Jikoni sauti yake ileile, tamu, iliyonipata mimi nikiwa msichana, inaomba irudishiwe mwavuli.

"Hicho si cha mwanangu. Tena."

Akanitazama. Nikanyamaza. Nyundo.

Meno mawili yalirukia kwenye kibodi. Moja nilikuja kulitoa siku ya tatu kati ya herufi, kwa sindano ya kushonea.

"Mwambie, Ledis..." Osnaider alijitahidi kusema, maneno yanamwagika. "Mwambie basi..."

"Nimwambie nini?" nikamjibu. "Mimi kazi yangu ni kompyuta tu."

Alijaribu mara tano. Dakika mbili na sekunde hamsini na nne, huo ndio urefu wa wimbo, niliukata mwenyewe. Na kila mara, kabla ya ishara, yule mzee alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Ningesema imetosha, angeacha, nina hakika kama ninavyojua jina langu.

Sikusema.

Wimbo ulipokwisha Don Ubaldo akavaa kofia yake.

"Asante, mama," akaniambia, akaondoka na Seremala wake. Supu mezani ilikuwa bado ina moto.

Polisi tuliwaambia alianguka na pikipiki. Hakuna aliyeniuliza vidole vyangu vilianguka na nini.

Osnaider alifungwa taya kwa waya wiki saba. Siku hizi anaongea, lakini kuimba basi tena, herufi zinamponyoka na upepo. Wimbo ulikaa namba moja wiki tisa, na kwa wiki sita za mwisho mwimbaji wake alikuwa anakunywa uji kwa mrija, watu wa Miami wanasema yuko mapumzikoni.

Baadaye kampuni ilitoa toleo lingine. Salamu nzima imerudi, kicheko ni kile kizito cha asili, na jina la Yeiner Charris limeandikwa. Toleo hilo liliishia namba kumi na nne. Wasikilizaji walisema kicheko cha zamani kinachangamsha zaidi.

Don Ubaldo hajali. Nasikia siku hizi haruki tena, anasikiliza sekunde ya kwanza halafu anazima. Kila Jumapili ananitumia soseji za butifarra kutoka Soledad, zimefungwa vizuri na kamba. Siwezi kuzila. Nampa mbwa wa jirani.

Osnaider niliachana naye. Na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Wengi wenu mlinifuata kwenye ukurasa huu baada ya ile simulizi yangu ya kwanza. Mke aliyeuzwa na mumewe mbele ya bastola. Mlinitumia mioyo elfu kumi na nane. Mkaniita jasiri, mkaniita simba jike, mkamtukana Osnaider mpaka mama yake akafunga simu.

Simulizi ile niliikata. Iliishia pale mzee alipochomeka bastola kiunoni. Kukata ndiyo kazi yangu, mnajua.

Leo nimewapa yote. Funzo nililonalo ni moja, na nimelinunua kwa vidole viwili na taya la mtu. Ukijua jambo la kweli, liseme siku ile ile, kabla halijamuumiza mtu. Mimi ningempelekea yule mzee kicheko cha mwanawe kwenye msiba, angelia, angenikumbatia, ikaisha hivyo. Nilikitunza. Nilikitunza mpaka siku nilipokihitaji cha kupigia mtu.

Osnaider alinitaja bastola ikiwa mbele ya uso wake. Mimi nilimtaja bastola ikiwa imesharudi kiunoni.

Sasa nendeni kwenye maoni mniandikie tena, msaliti ni nani.